Maji Yanashuka, Pandeni

3 Machi

Ninaanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu nyumbani kwangu ameingia mgeni. Mtendaji wa kijiji, Bwana Fabiani, alikuja asubuhi na binti mmoja mwenye mkoba mgongoni, nyuma yao mkokoteni wa maboksi. Alisema kijiji kizima hakina chumba chenye kitasa kinachofunga isipokuwa changu, na kwamba mradi wa tahadhari ya mafuriko unaomba fundi wake akae hapa hadi masika yaishe.

Binti akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Naitwa Elinipendo. Tumekuja na hizi marisiva."

"Marahaba. Mmekuja wangapi?"

"Niko peke yangu, mama."

"Basi umekuja. Na hakuna marisiva. Kinachopokea ni kipokezi. Vikiwa vingi ni vipokezi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya hapa tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na sioni kwa nini nistaafu kusahihisha. Hata hivyo aliosha vyombo bila kuambiwa, na nimeliandika hilo kwa haki.

5 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Paa halivuji, alhamdulillahi.

6 Machi

Nilimwuliza Elinipendo hivyo vipokezi vyake vinapokea nini. Alifungua kimoja juu ya meza yangu kwa bisibisi ndogo, akanielekeza nitazame katikati. Paliketi kidude cheusi, bapa, mfano wa mbegu ya tikiti.

"Hiyo chipu ndiyo redio yenyewe, mama. Vingine vyote ni nyumba yake."

Sikuamini. Baba yetu alikuwa na redio ya mbao iliyohitaji watu wawili kuihamisha, na fundi alipoifungua ndani mlikuwa na vitu kama duka la vifaa. Elinipendo akanieleza kwamba vile vyote vimekusanywa ndani ya hiyo mbegu ya tikiti. Angani kuna makelele mengi: simu, stesheni za redio, ndege zinazopita, hata radi. Antena huyachukua yote bila kuchagua. Chipu ndiyo inayochagua. Hutafuta sauti moja tu, ile ya nguzo zetu za kupimia maji ya Rufiji kuanzia juu ya Utete, ambayo ikifika hapa ni dhaifu kuliko mnong'ono. Huikuza, huichuja, huisoma. Tena hailali moja kwa moja wala haikeshi: hulala ili isimalize betri, huamka, hutega sikio, hulala tena.

"Basi ni mlezi wa mtoto mchanga," nilisema.

"Eeh mama, umesema kweli kabisa."

Nilifurahi, ingawa sikuonyesha. Masika ya mwaka juzi mto ulimchukua shemeji yangu Tahiri, mume wa mdogo wangu, pamoja na dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo wakulima wetu hukaa bondeni kulinda mpunga. Mvua haikuwa imenyesha hapa hata tone. Hakuna aliyemwambia.

9 Machi

Elinipendo alinisikilizisha sentensi zitakazosemwa na vipokezi. Zimerekodiwa Dar es Salaam na mtangazaji mwenye sauti nzuri. Ya hatari: "Maji yanapanda. Hameni." Ya amani: "Maji yanashuka. Mnaweza kurudi." Nilikataa neno moja tu. Kuhama ni kuacha makazi. Anayekimbia maji haachi makazi, anaondoka. Wamebadilisha, sasa ni "Ondokeni". Sentensi nyingine nimezipitisha. Ni fupi na zina upatanisho wa kisarufi.

14 Machi

Vipokezi vimegawiwa, kimoja kwa kila dungu na vichache vya kijijini. Changu kiko dirishani. Mdogo wangu Shufaa alikuja kuchukua chake akiwa tayari na mikeka na chungu, maana anavuka leo kwenda kukaa bondeni mpaka avune. Katika watoto wa mama yetu tumebaki yeye na mimi.

"Dada, hili sanduku linakula nini?"

"Jua. Liweke juani."

"Masika hii? Litakufa njaa kabla yangu."

Nilimsihi mwaka huu asilale kule. Akajitwika mkeka wake. "Tahiri yuko mtoni. Shamba lake nimwachie nani, nguruwe?"

Shufaa tangu utotoni huniacha bila jibu, kisha huondoka kabla sijalipata.

18 Machi

Mvua. Elinipendo anasema "mvua zinanyesha". Nimemwacha. Kweli zilikuwa nyingi.

25 Machi

Leo ni siku ya aibu, na nitaiandika kama ilivyokuwa.

Mchana nilikuwa uani ninapepeta mchele. Kipokezi kikalia mlio wake, kisha yule mtangazaji: "Maji yanashuka. Mnaweza kurudi." Nikamshukuru Mungu. Mto ulikuwa umejaa kiasi wiki hii, sasa unapungua. Nikaendelea kupepeta.

Ungo haujaisha nikasikia vishindo. Watu wa bondeni walikuwa wanakuja kijijini mbio, mikeka kichwani, kuku wameshikwa miguu, mzee mmoja amebebwa mgongoni. Mbele yao Shufaa, kipokezi kwapani, sufuria ya uji inayofuka moshi mkononi.

"Mnakimbia nini?" niliuliza.

"Maji yanashuka!"

"Kama yanashuka, mnakimbia nini?"

"Dada, umerogwa? Nakwambia maji yanashuka!"

Tukasimama tunatazamana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameharibikiwa akili. Bwanaheri, mvushaji wetu, aliweka kasia lake chini akasema kwa uchungu, "Na sanduku lenyewe lina roho mbaya. Linatangaza maji yanashuka, halafu linasema eti mnaweza kurudi. Turudi tukafe!"

Elinipendo alikuwa amefika, simu mkononi, akitazama vipimo vya nguzo. "Lakini maji yamepungua," alisema. "Hamna hatari. Angalieni."

Hapo ilinipasa kunyamaza na kufikiri. Badala yake nikawa mwalimu. Nikasema mbele ya umati, kwa sauti ya darasani, kwamba kushuka kwa maji ni kupungua kwa kina chake, kwamba hivyo ndivyo ilivyo katika Kiswahili sanifu, na kwamba ni fedheha watu wazima kukimbia kwa kutojua maana ya kitenzi. Nikamgeukia ndugu yangu wa damu. "Shufaa, nani aliyekufundisha Kiswahili? Si mimi?"

Watu wakacheka. Shufaa akatua sufuria.

"Kiswahili kanifundisha dada yangu," alisema. "Mto kanifundisha Tahiri."

Akavua khanga ya kichwani, akakifunga kipokezi chake kama anayefunga maiti, akarudi kwenye mtumbwi.

26 Machi

Nimekaa na kitenzi hicho tangu alfajiri.

Kwa watu wa hapa, maji hupanda kutoka baharini. Bahari ikijaa huusukuma mto juu, kila siku, hata visima vikaingia chumvi, kisha hurudi. Hakuna mtu aliyewahi kufungasha mkeka kwa sababu maji yamepanda. Yanayoua hutoka bara, kule mvua iliponyesha, nayo hayapandi: hushuka. "Maji yanashuka" ndicho kilio alichopiga marehemu mama yangu, na bibi yangu kabla yake, watu wa bondeni wakapanda huku juu kijijini. Nimekuwa nikikijua maisha yangu yote. Lakini nilipowekewa sentensi ile mezani niliikagua kwa kamusi, nikaipitisha.

Kwa hiyo kipokezi chetu, siku ya hatari, kitawaambia watu habari ya kawaida kabisa, na siku ya amani kitawatia kiwewe. Na baada ya jana, hata kikisema "Ondokeni", nani atakisikiliza? Shufaa amekwisha kukifunga ndani ya khanga.

Nilimweleza Elinipendo. Alishika kichwa. "Kwetu Upareni, mama, maji yakipanda ndiyo balaa. Yakishuka tunaendelea na kazi." Nilitaraji aseme kwamba mimi ndiye niliyezipitisha sentensi. Hakusema. Alisema tu, "Chipu haina kosa. Imesikia vizuri kabisa. Shida ni sisi tuliyoipa maneno."

Sikulisahihisha hilo "tuliyoipa". Halikuwa kosa kubwa kuliko la mwenye nyumba.

31 Machi

Nilidhani Elinipendo angetuma maneno mapya hewani. Haiwezekani. Kinachosafiri hewani ni alama chache tu, kiasi cha kuiambia chipu "sema sentensi ya kwanza" au "sema ya pili". Sauti yenyewe imelala ndani ya kila kipokezi. Ni lazima vikusanywe. Bwanaheri amezunguka bondeni siku nzima, na amevileta vyote isipokuwa kimoja.

"Cha mdogo wako hakitoki," alisema. "Kasema akitakaye akifuate mwenyewe. Na kasema aje na kamusi."

3 Aprili

Nilikwenda. Sijapanda mtumbwi tangu kustaafu, na magoti yangu yalinikumbusha. Elinipendo alikaa mbele amekumbatia mkoba, macho ameyafumba, maana hajui kuogelea. Bwanaheri alikuwa na raha kubwa.

Mpunga wa Shufaa umeanza kupiga rangi. Yeye alikuwa juu ya dungu lake na teo mkononi, anawafukuza ndege. Hakushuka.

"Karibuni. Ngazi hiyo hapo."

Anajua kwamba siwezi ngazi. Nikabaki ndani ya mtumbwi, nikainua uso. "Shufaa, nimekuja kukuomba radhi."

"Sema kwa nguvu, dada. Ndege wanapiga kelele."

"Nimekuja kukuomba radhi!"

"Eti?"

"NIMEKOSA! NAOMBA RADHI!"

"Hee," alisema Bwanaheri, "hiyo hata Utete wameipokea, bila sanduku."

Shufaa alicheka mpaka akaangusha teo. Kisha akateremka, akakaa kwenye kipandio cha chini, karibu nami. Kipokezi kilikuwa bado ndani ya khanga. Nilimweleza kwamba nataka kukibadilisha maneno. Alinisikiliza, akasema ni vyema, akanipa. Lakini alisema tena kwamba hata kikisema nini, hatoki kabla ya kuvuna. Ndege wamekula, nguruwe wamekula, maji yamekula na mtu. Safari hii atakula yeye.

Sijui ilikuwaje. Niliutazama ule mto nyuma yake, laini, mwekundu, unaopita bila sauti, nikamwona Tahiri. Nikapiga kelele ambayo si ya darasani.

"We Shufaa! Maji yanashuka, panda! Ukiitwa hivyo utapanda, hupandi?"

Alishtuka. Alishika ngazi kwa mkono mmoja, kama mtu anayetaka kusimama.

"Nikiitwa hivyo nitapanda," alisema polepole. "Nani atakayekaa? Umeita kama mama."

Mbele ya mtumbwi Elinipendo alikuwa amefumbua macho. "Mama. Hiyo hiyo. Usiibadilishe hata neno."

4 Aprili

Tumerekodi chumbani, milango imefungwa, mablanketi madirishani. Mara ya kwanza nilisoma vizuri, kwa vituo na kiimbo. Elinipendo akakataa.

"Hapana, mama. Hiyo ni ya taarifa ya habari. Sema kama ulivyomwita mama mdogo."

"Siwezi kupiga kelele chumbani kwangu kwa kuagizwa."

"Mfikirie yuko kule."

Nikamfikiria. Ikawa mara moja tu. Ya hatari ni "Maji yanashuka, pandeni!" Ya amani tumeafikiana iwe "Maji yamepita, rudini." Jogoo wa jirani amesikika mwishoni mwa ile ya pili. Tumemwacha.

8 Aprili

Vyote vimerudishwa bondeni. Tayari watu wamekipa jina: hawakiiti kipokezi, wala risiva, wanakiita Mwalimu. Bwanaheri anasema akikipita hujikuta anachomekea shati.

11 Aprili

Joto. Elinipendo ana wasiwasi juu ya dungu la Shufaa. Liko mwisho kabisa, na kabla yake kuna msitu wa miti iliyolowa, ambayo hunyonya mawimbi ya redio. Chipu inaweza kusikia mnong'ono, anasema, lakini lazima mnong'ono wenyewe ufike.

15 Aprili

Jua tupu. Nimeanika unga.

17 Aprili

Nilikuwa nimemaliza sala ya adhuhuri, sijakunja mkeka. Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Dirishani mlio, kisha sauti yangu mwenyewe ikanipigia kelele:

"Maji yanashuka, pandeni!"

Nilisimama kabla sijakumbuka kwamba mimi tayari niko juu. Elinipendo alitoka mbio na simu yake. Nguzo za juu zilikuwa zimefunikwa. Mvua kubwa ilinyesha bara, mbali sana, kule ambako sisi tunakujua kwa majina ya redioni tu.

Tulikwenda ukingoni. Mto ulikuwa kama jana. Kwa kuutazama, hakuna mtu mwenye akili angeacha shamba lake. Nikasema moyoni: hawatakuja. Wataangalia mbingu, wataangalia mto, watasema Mwalimu kazeeka.

Mtumbwi wa kwanza ukatokea. Kisha mingine, mingi, imejaa watu na mbuzi na vyungu. Walikuwa wanakuja kwa utaratibu, bila kiwewe, na kila aliyetua aliniambia, "Tumesikia, Mwalimu," kama wanafunzi wanaoitika majina. Nilikuwa nawaitikia huku nikitazama nyuma yao. Shufaa hakuwamo.

Mto ukabadilika rangi. Kwanza yakapita majani, kisha magogo, kisha paa la kibanda lenye kuku mmoja juu yake. Bwanaheri alikuwa amekwisha kugeuza mtumbwi wake. Nilitaka kumkataza, maana ana watoto. Nilitaka pia kumwambia afanye haraka. Aliniangalia akasema, "Kaa chini, dada. Magoti," akapiga kasia.

Elinipendo alikaa nami matopeni. Alikuwa anasali kwa dini yake na mimi kwa yangu, na mikono yetu ilikuwa imeshikana. Sijui nani aliyeanza. Alikuwa akirudia kila mara, "Ile miti, mama. Kama isingekuwa ile miti." Nilimwambia, "Nyamaza, mwanangu." Sijamwita mwanangu kabla ya leo.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Sauti yangu ilikuwa inakuja juu ya maji: "Maji yanashuka, pandeni!" Tena: "Maji yanashuka, pandeni!" Na baada ya kila mwito sauti nyingine, kali, imechoka:

"Nimesikia, dada! Nimesikia! Nimekwisha kupanda!"

Mtumbwi ukazunguka kona. Shufaa alikuwa amekaa juu ya kiroba cha mpunga, amelowa mpaka shingoni, na kile kipokezi amekiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili kisipate maji. Hakujua kitufe cha kukinyamazisha. Bwanaheri alimkuta ameshatoka shambani, kwenye kichuguu cha njia ya mtoni, anamngoja mtu.

Alipokanyaga nchi kavu nilimshika. Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Umechelewa."

"Nilikata masuke yaliyoiva. Kila nikiinama unanipigia kelele. Dada, mtu hawezi kuvuna mbele yako."

18 Aprili

Asubuhi bonde lote ni maji. Dungu la Shufaa halionekani. Hakuna aliyepotea. Naliandika tena, kwa sababu kalamu inapenda kuliandika: hakuna aliyepotea.

Watu wamelala darasani. Wengine wamelala kwangu. Nilimwomba Elinipendo anifungulie kipokezi changu tena, nikakitazama kile kidude. Walikitengeneza watu wasiojua kwamba Rufiji ipo, wala kwamba Shufaa yupo. Katikati ya makelele yote ya dunia, kupitia ile miti, kilisikia mnong'ono mmoja uliomhusu ndugu yangu. Mola ailipe mikono iliyokitengeneza, popote ilipo.

22 Aprili

Ubwabwa wa mpunga wa Shufaa. Kiroba kimoja ndicho mavuno yake yote, naye ameugawa kwa kila aliyelala hapa. Elinipendo alisema, "Hii chakula tamu." Nikamwambia, "Hiki. Kula, mwanangu."

2 Mei

Maji bado. Shufaa analala kwenye kitanda changu, mimi pembeni. Anakoroma. Nalala vizuri sana.

13 Mei

Kiangazi kinachungulia. Mto ukijirudi huacha tope jeusi, na juu ya tope hilo watu wetu hupanda mlau, yaani mahindi na kunde za baada ya mafuriko, zisizohitaji mvua tena. Shufaa ameshaomba mbegu huku na huku. Kila asubuhi huenda ukingoni kutazama, hurudi, hakai. Nimekuwa nikijiambia nitamzuia. Nina nyumba, nina chakula, na yeye ni wa mwisho niliye naye. Jana nilitayarisha maneno yangu yote, kwa hoja na mifano.

Leo tulikuwa tunakunywa chai, mimi, yeye na Elinipendo. Nilikuwa nimefungua kinywa kuanza. Dirishani mlio.

"Maji yamepita, rudini." Na jogoo.

Shufaa akaweka kikombe chini. Aliangalia dirisha, akaniangalia mimi, akachukua jembe.

"Umesikia, dada? Mwalimu kasema turudi."

"Kasema mrudi. Hakusema mimi."

"'Rudini' ni wengi. Umenifundisha mwenyewe."

Elinipendo alikuwa anacheka ndani ya kikombe chake. Nilitafuta jibu la kisarufi, na sikulipata. Nikajifunga khanga kiunoni, nikauchukua mfuko wa mbegu, nikamfuata.